Foto ya Nyumba Yangu

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni Sake, nikiwa nimeinama juu ya beseni la maharage, katikati ya mabishano ya bei ambayo nilikuwa nayashinda. Mama muuzaji alinong'onezwa jambo na mwenzake wa meza ya pili, akanigeukia, akasema bila kubadili sauti: "Papa, ule papa wa foto amekufa jana." Nililipa bei aliyoitaja. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua uzito wa sentensi hiyo, na yule mama naye aliujua, kwa maana aliniongezea kopo zima bila kuombwa, jambo ambalo sijaliona katika soko lile tangu nianze kulikanyaga.

Kesho yake nilikwenda kwenye matanga. Juu ya meza ndogo mbele ya jeneza walikuwa wameweka picha yake, ya pekee iliyopatikana. Mtu aliyepiga sura za nusu ya watu wa Masisi na sehemu kubwa ya watu wa Walikale, yake mwenyewe ilikuwa hiyo moja. Ilimwonyesha kijana mwembamba amesimama kwenye ngazi za jumba la mawe la ghorofa, lenye madirisha marefu na bomba la moshi kubwa kuliko jiko la mtu yeyote aliyekuwapo pale. Waombolezaji wa mbali waliinama, wakatazama, wakatazamana. Mmoja akamwambia mjane kwa heshima zote: "Mama, pole sana. Kumbe marehemu alikuwa na nyumba ya namna hii." Mjane akacheka. Si tabasamu, alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge, na akina mama waliomzunguka, wakidhani analia, wakaanza kumsaidia kwa nguvu mpya. Mimi nilitoka nje haraka kwa sababu nami nilikuwa naanza. Ni haki ya waliohudhuria kuelezwa. Watu wanaoijua habari ile kwa ukamilifu tumebaki wawili, mjane na mimi, na mjane haandiki gazetini.

Nilimfahamu marehemu miaka ya hamsini ilipokuwa michanga, wakati Wabelgiji walikuwa bado mabwana wa kila kitu chenye kufuli. Alifuata barabara ya Sake kwenda Masisi na kuteremka hadi Walikale, akipiga hesabu ya siku za masoko na sikukuu za misheni. Begani alibeba kamera ya sanduku na miguu yake mitatu. Ndani ya mfuko wake wa safari mlikuwa na kitambaa cheusi, koti moja, tai moja na saa moja ya mkono isiyo na mishale. Koti, tai na saa vilikuwa kwa ajili ya wateja. Ukiingia leo katika nyumba za wazee, kuanzia Kirotshe hadi Mweso, ukatazama kuta zao, utaliona koti lile lile likinenepa na kukonda kufuatana na aliyelivaa, na kila mmoja amekunja mkono wa kushoto kifuani kama aliyevunjika, ili saa ionekane. Tulikuwa nchi nzima yenye saa moja, na hakuna aliyechelewa.

Watu hawakuwa wateja rahisi. Aliyelipa kwa yai alilalamika kama aliyelipa kwa ng'ombe. Nakumbuka karani mmoja alirudisha picha yake akisema, "Hii pua haiko yangu." Jamaa yetu akaipokea, akaitazama, akamtazama na mwenyewe, akasema: "Basi leta yenye iko yako, nitaipiga bure." Karani akaichukua picha akaenda nayo. Nadhani ndiyo sababu alianza kupenda kupiga nyumba. Nyumba haipepesi macho, aliniambia, haiombi ifanywe nyeupe kidogo, wala hairudi wiki ijayo na pua mkononi.

Na nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa jumba lile la kilimani, juu ya barabara ya Masisi. Lilijengwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya pareto, katika miaka ya arobaini, mawe yake yakipandishwa mlimani kwa vichwa vya watu. Mzungu alikaa humo misimu michache, akaenda kwao kwa mapumziko, na mapumziko yakamnogea. Mwanzoni walinzi walilinda. Mshahara ulipochelewa walilinda kidogo. Ulipokoma kabisa wakaanza kujilipa, na mtu anayejilipa kwa mabati, mbao na vitasa hulifanya jumba liwe jepesi upesi. Siku jamaa yetu aliponiomba nimsindikize nilikubali kwa moyo mmoja, nikisema nitambebea miguu ya kamera. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona kama kulikuwa na bawaba zilizosahauliwa.

Tulifika mlangoni, akasimama, akavua kofia. "Hodi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Unamwambia nani?" nikamuuliza. "Mlango wenyewe umelala chini."

"Njo maana nasema polepole," akasema, maana kwetu "ndiyo" ni "njo". "Iko nalala."

Akauruka mlango bila kuukanyaga, nami nikauruka nyuma yake, nikijihisi mjinga na mwenye adabu kwa pamoja. Ndani, sebule ilikuwa imegeuka malisho. Sakafu ya mbao ilikuwa imeondoka na wenye haraka, na majani marefu yakashika nafasi yake, yamesimama wima chini ya tundu la paa kama wageni wanaongoja kukaribishwa viti. Katika chumba cha kulia alikuwamo ng'ombe mweusi wa jirani, anatafuna, akatutazama jinsi wenyeji wanavyowatazama watu waliofika saa ya chakula. Ngazi za ndani zilikuwa za mawe, ndiyo maana zilikuwa bado zipo. Tukapanda. Huko juu tulikuta beseni la kuogea, refu kama mtumbwi, limejaa maji ya mvua. Vyura waliokuwamo walinyamaza tulipoingia, wakaendelea walipotuzoea. Ukutani palibandikwa karatasi iliyochorwa ndege wa Ulaya, imechanika na kuning'inia, na juu yake mbayuwayu wa kwetu walikuwa wamejenga viota vya tope, sijui kwa kuwaonea huruma wale waliochorwa au kwa kuwadharau. Nilihesabu madirisha mara mbili nikapata hesabu mbili tofauti, kwa kuwa mengine yalikuwa matundu tu ya kawaida. Bawaba sikupata. Waliotutangulia walikuwa watu makini.

Yeye alikuwa kazini. Sijawahi kumwona mtu akimngojea mteja tajiri kama alivyongojea mwanga uingie kwenye tundu la paa. Alijifunika kitambaa, akatoka, akasogeza kamera kiasi cha unene wa kidole, akajifunika tena. Alipokuwa tayari alisema, "Usipumue," na baada ya muda nikatambua kwamba hakuwa akiniambia mimi bali chumba. Alipiga paa. Alipiga beseni na vyura. Alimpiga ng'ombe, aliyegeuza kichwa katikati ya kazi, na picha ilipooshwa alitokea na vichwa viwili, kimoja kinakula na kingine kinashangaa. Nilimwambia kwamba anatupa karatasi yake nzuri, maana picha hizo hakuna mtu atakayezinunua.

"Hizi haziko za kuuza," akanijibu. "Za bantu njo za kuuza. Za nyumba iko zangu."

Tafadhali msomaji, ishike kauli hiyo. Mizigo yake aliigawa hivyo siku zote: foto za bantu, yaani watu, upande mmoja, foto za nyumba upande wa pili. Tulipotoka nje akapanga kamera mbele ya jumba, akanipa mpira wa kubinya ili kamera ipige, akavaa koti, akapanda ngazi, akageuka. Saa aliiacha mfukoni. Alisema anayeijua saa ile hawezi kudanganyika nayo. Nikabinya. Ndiyo picha ile ya mezani kwenye matanga.

Miezi haikuwa mingi baada ya hapo alipokuja kwangu na uso wa mtu anayetaka kuazima kitu kizito. Alikuwa amempata binti huko Walikale, katika ukoo wa wakulima na wawindaji wa msituni, naye binti alikuwa amekubali; kilichobaki kilikuwa wazee. Alinitaka niwe msemaji wake wa mahari. Nilikubali kabla hajamaliza. Kuna watu hupenda kuimba kwaya. Mimi napenda kukaa mbele ya mtu anayetaja bei.

Kwa desturi ya ukoo ule mwoaji hafungui mdomo siku ya mahari. Anaketi nyuma ya msemaji wake, ameshika magoti, kama mbuzi anayeuzwa. Upande wa pili alisema baba mkubwa wa binti, mwindaji mwenye sauti ndogo. Niliogopa sauti ile tangu salamu, kwani anayepiga kelele anaweza kuchoka, huyu hakuwa na dalili hiyo. Hata hivyo hadi mchana tulikuwa tumeelewana vizuri: mbuzi kadhaa, chumvi, panga, vitenge vya shangazi. Wakaleta sombe, yale majani ya muhogo, na ndizi, tukala, na wakati wa kula si wakati wa mahari, kwa hiyo kijana anaruhusiwa kujibu akiulizwa. Baba mkubwa akamuuliza kwa upole kazi yake hasa ni nini. Jamaa yetu, mwenye furaha na tumbo lililojaa, akatoa mfukoni picha ya juu kabisa, akampa kwa mikono miwili.

"Na hii?"

"Hii njo foto ya nyumba yangu, Papa."

Nikarudisha tonge sahanini. Nilijua alichotaka kusema: hii ni ya zile za nyumba, na hiyo foto ni yangu, haiuzwi. Lakini Kiswahili chetu, chenye neno kwa kila namna ya ndizi, siku hiyo kilitutupa. Foto ni yangu, nyumba nayo ni yangu. Zinavaa neno moja kama wateja wake walivyovaa koti moja. Angesimama mbele ya mti, sarufi ingetuokoa: "wangu" ingeshika mti, "yangu" ingeshika foto, tungekwenda zetu na mke. Picha ikapita mkono kwa mkono. Shangazi mmoja akaifuta kwa pindo la nguo, akaitazama tena, akamtazama kijana, na nikaona thamani yake ikipanda kama maziwa kwenye moto.

Tuliporudi kukaa baba mkubwa alikuwa amesahau mbuzi.

"Papa," nikamkumbusha, "tulifikia mbuzi."

"Mbuzi iko ya muntu wa kawaida. Muntu wa ngazi, tunaongea naye ng'ombe. Kule kwenu Masisi iko mingi."

"Nyumba ile si yake. Ni ya Muzungu. Yake ni foto. Alisema foto yangu."

"Alisema foto ya nyumba yangu. Ile 'yangu' ilifuata nini?"

"Ilifuata nyumba, lakini..."

"Basi iko ya nyumba. Mutoto akifuata mama yake sokoni, unaulizaka kama iko wa jirani?"

Walicheka wote, nami ningecheka kama ningekuwa upande wao. Nilimgeukia jamaa yangu, nikamnong'oneza atoe zile picha nyingine, za ndani, mambo yaishe. Hakutikisika. Alikuwa amenyoosha mgongo. Watoto walikuwa wamekuja kumchungulia, shangazi walikuwa wamemletea kiti chenye mgongo, na yeye, ambaye maisha yake yote alikuwa amewavisha wengine koti, alikuwa amevishwa jumba.

"Acha kidogo, kaka," akaninong'oneza.

"Kidogo gani? Kila dakika unayokaa mu ile nyumba, wanaongeza ng'ombe."

Ng'ombe hakuwa naye hata mmoja. Wala baba yake hakuwa naye. Kama mambo yangeendelea hivyo tungerudi Sake wawili, na binti angengojea mwenye ngazi za kweli. Hilo alilijua, na bado hakuutia mkono mfukoni.

Ndipo wakamwita binti, kwani haipokelewi mali bila mwenyewe kuulizwa mbele ya watu. Akaja, akapiga magoti kidogo kwa wazee, akaulizwa kama wapokee. Akaomba aione kwanza hiyo foto inayosumbua watu. Aliitazama kwa muda mrefu, huku kidole chake kikitembea dirisha hadi dirisha.

"Iko yake?"

"Njo vile alisema," baba mkubwa akajibu.

"Basi miye siendi."

Baba yake mzazi, ambaye kutwa hakuwa amesema neno, akauliza sababu ni nini.

"Papa, ona madirisha. Ona ngazi. Nani atafagia?"

"Muntu wa nyumba kama hii iko na boyi," shangazi akasema.

"Tantine, ule boyi njo miye."

Sasa hesabu ikawa wazi hata kwa watoto waliochungulia. Akiwa na nyumba, bei hawezi, na binti hamtaki. Akiwa hana nyumba, bei anaiweza, binti anakuja, lakini itabidi ashuke zile ngazi mbele ya kijiji kizima. Nilimtazama. Alikaa kidogo, uso wake ukiwa wa mtu anayehama, anayepita chumba hadi chumba kuhakikisha hajaacha kitu. Kisha akafungua mfuko na kunipa picha ya kwanza, bila kusema neno, kama desturi inavyotaka.

Ilikuwa ya paa. Baba mkubwa akaiinamia. "Huku juu kuko nini?"

"Mbingu, Papa," nikajibu. "Mabati yalikwenda na watu." Ng'ombe mmoja akaondoka palepale.

Picha ya pili ilikuwa ya beseni. Shangazi akauliza kama ni hapo wanapoogea wakubwa. Nikamwambia ndiyo, lakini kwa sasa wanaoga vyura. Tukarudi kwenye mbuzi. Ya tatu aliishika baba mkubwa mwenyewe, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Hii ng'ombe iko na vichwa mbili."

"Alitikisika, Papa."

"Na iko nafanya nini mu nyumba?"

"Njo mwenye nyumba."

Sauti yake ndogo ilipasuka kicheko ambacho nadhani kiliwafukuza nyani mpaka mto wa tatu. Shangazi waliegemeana. Binti alimtazama jamaa yetu moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku ile, na jamaa yetu, asiye na jumba wala ngazi, akatazama chini kama aliyekamatwa na kitu kizuri. Bei ikashuka, ikapita pale tulipoiacha kabla ya chakula. Katika maisha yangu ya kubishana sijaona gofu likifanya kazi namna ile. Damu ilikuwa imenichemka. Nikamuuliza jamaa yetu kwa kunong'ona kama iko nyingine, maana nilikadiria kwamba kwa picha moja zaidi wangetupa binti na mbuzi juu. Iko, akasema, lakini akaufunga mfuko.

"Inatosha, kaka. Usishushe tena. Iko nasikia."

Nikageuka. Kweli, binti alikuwa bado amesimama pale, akisikiliza anavyopungua. Nikataja mwenyewe bei ya asubuhi, ile ya kabla ya sombe, na kuongeza kitenge. Baba mkubwa alinitazama kwa mashaka makubwa. Alikuwa anatafuta mtego ulipo.

Tulipomleta bibi arusi tuliomba lori lisimame chini ya kilima kile, kwa kuwa alitaka kuiona nyumba aliyoikataa. Alipita kila chumba, akasimama beseni lilipo, akamsalimia ng'ombe. Kule sebuleni akainama katikati ya yale majani marefu, akayajaribu kwa vidole, akasema ni ya namna nzuri, akakata mzigo mzima wa kutengenezea fagio. Hiyo ndiyo mali pekee niliyowahi kuiona ikitoka katika jumba lile kihalali. Wakaenda kukaa Sake katika nyumba ya vyumba viwili, na asubuhi ungemkuta amemaliza kufagia kabla chai haijachemka, ameketi mlangoni na muda wake wote mkononi.

Jumba halipo tena. Mawe yake yamo katika misingi ya nyumba za watu ninaowaheshimu, na ukiuliza watakwambia waliyaokota. Simlaumu mtu, kama nisivyowalaumu vijana wa leo wanaosimama mbele ya gari la mwingine na simu mkononi. Sisi tulifanya hivyo kwa kamera ya miguu mitatu, na kwa muda mrefu zaidi, kwani ilitubidi tusipumue. Kusimama mbele ya kitu kikubwa kumenyoosha migongo ya watu wengi ambao siku nyingine zote waliinama. Shida huanza mtu anapoombwa ashuke na akashindwa. Jamaa yetu aliombwa, ikamuuma, akashuka, tena alijua hatua ya kukomea, jambo ambalo mimi msemaji wake sikulijua. Nilikuwa nimehesabu mbuzi mara mbili, na mara zote mbili nilisahau kwamba aliyekuwa akihesabiwa ana masikio.

Tangu wakati ule, kila ninapooneshwa kitu kikubwa, kiwanja, duka, cheo, hata chama, kabla ya kuuliza bei nauliza nani atafagia. Wauzaji hawalipendi swali hilo. Wengi hukasirika, wengine huanza kupunguza bei kabla sijaomba, na mmoja alikunja karatasi zake akaondoka bila kuaga. Kwa hiyo naliacha hapa kwa wasomaji, bure, ingawa mimi nililipata kwa mbuzi wa mtu mwingine.